Kanda za Baba: Dar hadi Tabora kwa Treni, Basi na Zilipendwa

Mwezi wa nane shangazi yangu wa Tabora alinipigia simu akiwa na malalamiko mawili kwa mpigo: redio kaseti yake imeanza kutafuna kanda, na watoto wa kaka yake siku hizi wanamjulia hali kwa meseji tu. Kanda zenyewe ni za marehemu baba. Alikuwa karani wa reli pale Tabora, na muziki wa dansi alikuwa anaurekodi kutoka redioni tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. "Njoo uzichukue kabla hazijawa uzi wa kushonea magunia," akasema. Nikaomba likizo.

Haya nimeyaunganisha baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu. Bei ni nilizolipa mimi, msimu ambao si wa sikukuu.

Alhamisi: Dar es Salaam – Morogoro

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, daraja la kawaida, shilingi 13,000. Tiketi nilikata kwa simu. Ukienda, beba kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi na ufike mapema, maana mizigo inapitishwa kwenye mashine na milango ikifungwa ndiyo imefungwa. Kuna baba mmoja mwenye suti alibaki nje anaongea na kioo. Safari yenyewe haifiki saa mbili.

Ndani ya behewa ni kimya cha ajabu kwa mtu aliyezoea mabasi yetu. Nikavaa hedifoni. Kwenye simu nilikuwa nimepakia nyimbo ambazo najua kabisa baba alikuwa nazo, ila hizi ni zile zilizosafishwa, besi unaisikia noti kwa noti, na mwimbaji unamsikia hadi anapovuta pumzi. Nilisikiliza kuanzia Pugu mpaka Ngerengere. Muziki mtamu kweli, lakini hakuna kilichonijia. Si nyumba yetu, si uso wa mtu yeyote. Kwenye daftari siku hiyo nimeandika maneno matatu: "Mbona hamna kitu?"

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji. Bajaji walitaka 7,000, tukaelewana 5,000. Chumba 25,000, maji ya moto kwa ndoo.

Jioni mkanda wa begi ukakatika. Wakanielekeza kwa mzee mmoja fundi cherehani anayeshonea barazani, karibu na soko. Pembeni ya cherehani alikuwa na redio ndogo ya mkononi, spika imepasuka, sauti kavu isiyo na besi hata kidogo. Ilikuwa inapiga wimbo wa bendi ya Morogoro Jazz. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilipoanza tu, nikawa nimekaa sakafuni kwetu Tabora, Jumapili jioni, mama anapiga pasi sare zetu kwa pasi ya mkaa na mimi kazi yangu ni kuipepea. Niliisikia mpaka harufu: kitambaa kilichonyunyiziwa maji, mkaa, na ile chembe ya moto iliyoruka ikatoboa kola ya kaka. Kola hiyo sikuwa nimeikumbuka kwa miaka mingi.

"Umezubaa, mama. Begi lako hili."

"Shikamoo, mzee, samahani. Nimemkumbuka mama yangu."

"Marahaba. Kwa wimbo huu?" Akaniangalia vizuri. "Kwani wewe ulikuwa umezaliwa?"

Sikuwa. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na wimbo ule ni wa kabla ya hapo. Mimi nimezaliwa 1976. Nikamsimulia mzee kwamba kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa 2013: vijana walipigiwa nyimbo za miongo mbalimbali, wakaonekana kuwa na kumbukumbu na mapenzi hata kwa nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Mzee akacheka hadi akaacha kukanyaga cherehani. "Wametumia hela kulijua hilo?"

Yeye mwenyewe, kumbe, si mtu wa Morogoro Jazz. Ni wa Cuban Marimba, bendi pinzani ya mjini hapo. Akanieleza jinsi mji ulivyogawanyika enzi hizo: mtu wa Cuban hachezi kwa Mbaraka, na harusi ikialika bendi moja, nusu ya ukoo inanuna. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, mzee alikuwa kijana mdogo anayejifunza ushonaji. Halafu Januari 1979 Mbaraka naye akafa kwa gari, huko Kenya. "Barabara imetumalizia watu," akasema. Nikamkumbusha kwamba Mbaraka alifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970. Akajibu kwamba Salum angekuwa hai angefika kabla yake. Hapo sikubishana.

Nilimpa 2,000 za begi. Akazirudisha. "Kanunulie maji njiani."

Ijumaa: Morogoro – Dodoma

Basi kutoka Msamvu, 15,000. Siku hii haina mengi: milima ya Uluguru ikabaki nyuma, tukapita Dumila, Gairo, tukasimama Kibaigwa dakika kumi za kuchimba dawa, na kwenye runinga ya basi vichekesho vilevile vilirudiwa mpaka mtoto wa kiti cha mbele akavikariri.

Stendi kuu ya Dodoma iko Nzuguni, mbali na katikati ya mji. Kama unaunganisha safari alfajiri, lala hukohuko. Nyumba za wageni zipo na utaokoa hela ya bodaboda ya usiku. Mimi nililipa 30,000. Ugali, kuku wa kienyeji na mlenda, 10,000, na kuku alikuwa wa kienyeji kweli, alinishinda meno.

Ukumbi wa jirani ulikuwa na harusi. MC alipiga zilipendwa mpaka saa sita, zile ambazo hazikosekani kwenye sherehe yoyote nchini. Kati ya hizo mbili zilikuwa za baba hasa, alizokuwa akiziimba anaponyoa ndevu. Najua hivyo kwa akili tu. Kwenye masikio zimeshakuwa za harusi: ninachokiona ni mistari ya watu wanaokwenda kutunza na keki yenye fataki. Wimbo ukipigwa kila Jumamosi kwa miaka ishirini, kila Jumamosi inaweka yake juu ya ile ya chini. Zinazonipata ni zile zisizopigwa na mtu.

Jumamosi: Dodoma – Manyoni – Itigi – Tabora

Saa kumi na mbili asubuhi, 25,000. Barabara ya Manyoni hadi Tabora kupitia Itigi sasa ni lami. Wakubwa wanaokumbuka vumbi na matope ya Chaya na Nyahua wataelewa kwa nini mama niliyekaa naye alikuwa anashukuru Mungu kila tukivuka daraja.

Alishukuru mapema. Tulipoiacha Itigi, kwenye vile vichaka vilivyosongamana ambavyo huoni hatua mbili ndani, basi lilianza kunuka moshi, likapiga chafya, likazima. Mkanda wa feni umekatika. Kondakta akatuambia dakika ishirini. Wazoefu wakashusha vitenge wakatandika chini ya mti.

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuinama. Ushauri wa bure: njia hii beba maji na kitu cha kutafuna hata kama tiketi imeandikwa saa ngapi utafika. Kilichotuokoa ni wanawake wa kijiji cha karibu waliokuja na beseni za karanga za kuchemsha na michembe, na bibi mmoja alimpa kila mtoto wa basi kiganja cha karanga bila kuuliza mzazi ni nani. Dereva wa lori la alizeti naye alisimama, akavua mkanda wake wa akiba, akaanza kuupima na fundi wetu. Haukuingia. Akakubali kumchukua utingo hadi Itigi kutafuta mwingine.

Kijana mmoja alikuwa na spika ndogo ya kuunganisha na simu. Alianza na Bongo Fleva. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akamwomba, kwa adabu, kama hana "kitu chetu". Kijana akatafuta kwenye intaneti, mtandao unakuja unapotea, akakipata kibao cha bendi ya JUWATA Jazz, ile iliyokuwa NUTA na leo watu wanaiita Msondo. Sauti ikikwama inarudi, inakwama inarudi.

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kusema peke yake. Mzee wa pama alikuwa mwanajeshi. Wimbo ule, au mwenzake, aliusikia Mutukula, mpakani na Uganda, mwaka 1979 kwenye redio ya mwenzake wakati wa vita vya Kagera, na alichokumbuka si mabomu, ni kwamba mwenye redio alikuwa mchoyo wa betri: akizima baada ya taarifa ya habari, muziki unausikia kipande tu. Mama wa jirani yangu akasema yeye anaona foleni ya duka la kaya, enzi za bidhaa za mgao, sukari kilo moja, na dada yake mkubwa akimfundisha kusimama kwa niaba ya majirani watatu. Mwalimu mstaafu alikumbuka unga wa njano. Wimbo wenyewe ni wa mapenzi, hauna vita wala sukari.

Ukafuata wimbo wa bendi ya Mlimani Park. Mara tu tarumbeta zilipoingia, mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni na hakuwa ameongea tangu Dodoma akanyoosha mkono. "Mwanangu, huo uruke."

Kijana akauruka. Hakuna aliyeuliza. Mzee wa pama akaanza kuzungumzia bei ya alizeti, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, na mwalimu akamjibu, na mazungumzo yakaendelea hivyo mpaka utingo akashuka kwenye bodaboda na mkanda mpya shingoni.

Tuliingia Tabora usiku mkubwa. Bodaboda hadi kwa shangazi 3,000. Alikuwa macho, ugali umefunikwa, nsansa imetiwa karanga.

Jumapili: Tabora

Kanda zimo kwenye bati la biskuti, zimepangwa kwa mwandiko wa baba: bendi, tarehe, na wakati mwingine hali ya hewa. "Mvua kubwa, imekatika."

Vijana wataniuliza kwa nini hakununua santuri. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikarushwa hewani, na santuri nyingi zilitoka Kenya. Mpaka ukafungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Kwa karani wa Tabora, njia ya kuumiliki wimbo ilikuwa kuuvizia. Redio ilikuwa yake, kinasa sauti kilikuwa cha kuazima. Alikiweka mbele ya spika, akainua kidole, na nyumba nzima ikaamriwa kunyamaza. Haikunyamaza kamwe.

Shangazi alitoa betri nne kubwa alizokuwa amezianika juani tangu asubuhi, kama enzi zile za betri za National, akazipachika, akabonyeza.

Kwanza mvumo. Halafu nusu ya neno la mtangazaji. Halafu wimbo ambao nilikuwa nimeusikiliza treni nzima bila kitu, mwembamba, unapepesuka kwa sababu mota imechoka. Jogoo wetu anawika kwenye ubeti wa kwanza. Mlango wa bati unagonga. Chombo kinaanguka, mtu anakohoa, anasema "Aa!" kwa hasira ya chini, na katikati ya kiitikio kanda inaisha: tka.

Nilijua jogoo atawika kabla hajawika. Mwili uliijua ile "tka" na ukajikaza kuisubiri. Ndipo nilipoelewa kilichokosekana kwenye treni: mimi sikuwahi kuusikia wimbo huu ukifika mwisho. Kwangu mwisho wake ni hapo kwenye kiitikio. Waliousafisha wameniongezea beti ambazo hazikuwahi kuingia nyumbani kwetu, na wameondoa jogoo.

"Hicho kikohozi cha baba," nikasema. Nilikuwa nalia bila kujificha. Kwa shangazi hakuna kujificha.

"Cha nani?"

"Cha baba. Na 'Aa!' ni yake."

Shangazi akarudisha nyuma. Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. "Huyo si kaka yangu. Kaka alikuwa hakohoi hivyo. Huyo ni baba yako mdogo, na ameangusha sufuria."

Tulirudisha nyuma mpaka betri zikaanza kuvuta. Yeye akabaki na baba mdogo, mimi nikabaki na baba. Baadaye, akipakua chakula, aliniambia kwamba nyimbo hizi za Dar kwake hazina kitu hata hivyo. Ujana wake ni Kiko Kids, bendi ya hapahapa Tabora, na hakuna aliyemrekodia. "Mimi zangu ziko miguuni," akasema, akaonyesha hatua mbili akiwa ameshika mwiko.

Jumatatu: kwa fundi redio

Sokoni bado yupo fundi anayejua redio kaseti. Alibadilisha mpira wa mota, akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, akakaza skrubu. 8,000, na akagoma kupokea kanda moja niliyotaka kumpa kama shukrani, akisema kanda za marehemu hazigawiwi na mgeni.

Kwa mwenye kanda za wazazi nyumbani, alichonifundisha ni hiki. Usiichomeke kanda ya zamani moja kwa moja. Kwanza izungushe kwa kalamu mwanzo hadi mwisho uone kama haijagandana. Ikiwa na ukungu mweupe, iache, mpelekee anayejua kusafisha, la sivyo itachafua hedi na kuharibu nyingine zote. Vunja vile vibao viwili vidogo vya plastiki mgongoni ili mtu asibonyeze kurekodi juu yake. Kisha unganisha tundu la hedifoni na kompyuta kwa waya na urekodi kwenye faili zisizobanwa, ubanaji utakuja baadaye. Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60. Na usiwaruhusu wakuondolee mvumo kwenye nakala ya kwanza. Nyingine wafanye watakavyo.

Nikashinda hapo na siku iliyofuata, fundi anaunga nyaya za redio za watu wengine, mimi nalinda kompyuta. Watu walisimama, wakasikiliza, wakataja mtaa au jina la mtu, wakaondoka. Mtoto wa shule aliuliza huyo jogoo ni wa wapi.

Kurudi

Basi la moja kwa moja, usingizi, Dar. Nimebeba asali ya Tabora lita tatu. Ifunge kwenye nailoni mara mbili, mimi nilifunga na haikumwagika.

Kanda sikuzibeba. Shangazi alinipa nakala tu, akasema redio ikishapona hana sababu ya kuzitoa nyumbani, na majirani wameshaanza kuja jioni.

Juzi kapiga simu tena. Kamsikilizisha baba mdogo wa Urambo kile kipande kwenye simu, na baba mdogo kakana kabisa: anasema mwezi ulioandikwa kwenye kanda yeye alikuwa JKT, na sufuria zetu hakuzigusa. Shangazi anasema ni muongo, alikuwa amesharudi, na tarehe za JKT atazitafuta kwenye vyeti. Mimi nimetuma betri nne mpya kwa basi la usiku.